Kumbukumbu, Ubongo na Utunzi wa Mashairi: Mwongozo Kamili kwa Mtunzi Anayejifunza

Mtu anapoketi kutunga shairi na maneno yakakataa kuja, wazo lake la kwanza huwa kwamba hakuzaliwa na kipaji. Wazo hilo ni la haraka mno. Mara nyingi kilichokosekana ni malighafi: kichwani hamna beti za kutosha zilizokaririwa, hamna matukio yaliyotazamwa kwa makini, au yote hayo yamo lakini hayajazoezwa kuitika yanapoitwa. Ubongo hubuni kwa kuyavunja na kuyaunganisha upya yale uliyokwisha kuyapokea, na kwa hiyo anayetaka kutunga vizuri zaidi hana budi kuishughulikia kumbukumbu yake kwanza.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayejifunza kutunga shairi la tarbia, yaani lile la mishororo 4 kwa kila ubeti na mizani (yaani silabi) 16 kwa kila mshororo, 8 kwenye ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na 8 kwenye utao (nusu ya pili), pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Nimelichagua shairi la arudhi, yaani lenye kufuata kanuni za mizani na vina, kwa sababu kanuni zake ziko wazi, na palipo na kanuni zilizo wazi ni rahisi kuona akili inafanya kazi gani katika kila hatua. Mwandishi wa hadithi au wa tamthilia anaweza kuzifuata hatua hizi pia, isipokuwa ile ya pili, ambayo atailinganisha mwenyewe na kazi yake.

Kabla ya kuanza: kumbukumbu si moja

Mwaka 1953, katika mji wa Hartford nchini Marekani, daktari mpasuaji William Scoville alimfanyia upasuaji Henry Molaison, kijana wa miaka 27 aliyesumbuliwa na kifafa, akamwondolea sehemu za ndani za ubongo katika pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo cha ndani ya ubongo kinachosaidia kuhifadhi matukio mapya. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo Molaison hakuweza tena kuhifadhi matukio mapya. Aliyezungumza naye, akatoka na kurudi baada ya muda mfupi, alipokewa kama mgeni. Hata hivyo, mwanasaikolojia Brenda Milner alipompa zoezi la kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu, Molaison aliboreka siku hadi siku, ingawa kila mara aliamini kuwa analifanya kwa mara ya kwanza. Mkono ulijifunza jambo ambalo mwenye mkono hakujua kuwa amejifunza.

Kutokana na mgonjwa huyo na wengine waliofuata, wataalamu wanatofautisha kumbukumbu ya matukio (ulipokuwa, ulichokiona, ulichokisikia), kumbukumbu ya maana na maarifa ya jumla, na kumbukumbu ya stadi ambayo hukaa katika vitendo. Zaidi ya hizo ipo kumbukumbu ya kazi, ambayo hushikilia mambo machache kwa sekunde chache wakati unapoyashughulikia. Mtunzi huzitumia zote nne, na kila moja hunolewa kwa namna yake.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba kukumbuka na kubuni hutumia mitambo ileile. Mwaka 2007, mjini London, Demis Hassabis, Eleanor Maguire na wenzao waliwataka watu watano walioharibika hipokampasi wawaze mambo ambayo hayajatokea, kwa mfano kwamba wamelala kwenye ufuo wenye mchanga mweupe. Wengi wao walitoa vipande vilivyotawanyika, bluu ya anga hapa na sauti ya ndege pale, bila kuweza kuviunganisha viwe mahali pamoja panapoeleweka. (Hassabis huyo ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024 kwa kazi ya kompyuta.) Hilo linaafikiana na alilolieleza mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge tangu mwaka 1932: kumbukumbu si sanduku ambalo vitu hutolewa vikiwa kama vilivyowekwa, bali kila tunapokumbuka tunajenga upya. Udhaifu huo ndio unaomkera shahidi mahakamani, na ndio unaomfaa mtunzi.

Kuhusu dai kwamba ubunifu unakaa upande wa kulia wa ubongo, liache. Mtu anapotunga, pande zote mbili hufanya kazi.

Hatua ya kwanza: kariri, kisha jipime bila kitabu

Chagua mashairi unayoyapenda kwa dhati, ya watunzi mbalimbali na ya bahari (yaani aina) mbalimbali, uyakariri. Katika shule za siku hizi kukariri kumepata sifa mbaya, na kwa upande mmoja lawama hiyo ni ya haki, kwani kukariri tarehe bila kuelewa hakumjengi mwanafunzi. Lakini katika utunzi wa Kiswahili, kukariri ndiko kulikokuwa mafunzo yenyewe. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mtunzi wa Mombasa aliyefariki mnamo 1840, yaliishi vinywani mwa watu kwa miongo kadhaa kabla ya Mwalimu Sikujua kuyakusanya na W. E. Taylor kuyaandika. Waliokuwa nayo kichwani hawakuwa makarani wa kuhifadhi tu. Wengine walikuwa watunzi waliojua kujibizana, na jibu haliwezi kutungwa na asiyelikumbuka swali pamoja na vina vyake.

Namna ya kukariri ni muhimu kuliko wingi wa saa. Wengi husoma ubeti mara kumi mfululizo na kuridhika kwamba wameushika, kumbe wanachokihisi ni mazoea ya macho. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena na tena, na wengine walivisoma mara moja, kisha wakajipima mara tatu kwa kuandika walichokikumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka takriban asilimia 61, na waliorudia kusoma asilimia 40. Kwa hiyo soma ubeti mara mbili kwa sauti, funika kitabu, useme au uuandike, ndipo ufungue kuona ulipokosea. Urudie kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki, na baada ya mwezi. Kule kuhangaika kulitafuta neno lililopotea, ambako wengi hukudhani kuwa ni dalili ya kushindwa, ndiko kunakoimarisha njia ya kulifikia neno hilo siku nyingine.

Ubeti mmoja kwa siku unatosha. Simu inayoweza kukuletea shairi lolote kwa sekunde haiondoi haja hii, kwa sababu ubongo hauwezi kuunganisha mistari miwili ambayo yote imo ndani ya simu.

Hatua ya pili: hamisha mizani kutoka kichwani kwenda mwilini

Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alikadiria kwamba kumbukumbu ya kazi hushikilia vitu saba hivi kwa wakati mmoja. Baadaye, mwaka 2001, Nelson Cowan alionyesha kuwa idadi iliyo karibu na ukweli ni vinne. Mshororo una mizani 16. Anayeanza, akihesabu silabi moja moja kwa vidole, ameijaza kumbukumbu yake ya kazi kwa hesabu, na hakuna nafasi iliyobaki ya kufikiria maana. Ndiyo maana mashairi ya wanaoanza huwa sahihi kwa mizani lakini matupu, au yenye maana lakini yaliyovunjika.

Dawa yake ni kuifanya mizani iwe stadi, kama lile zoezi la nyota. Chukua mashairi uliyoyakariri, uyaghani ukitembea au ukipiga makofi, ukipumua kati ya ukwapi na utao kila mara. Kisha jaribu kusema mambo ya kawaida ya nyumbani kwa vipande vya mizani 8: "Ndoo imekwisha maji", "Jirani amesafiri", "Nipe mkate na siagi", halafu ugundue kwamba hicho cha tatu kimezidi kwa silabi moja bila kuhesabu. Siku sikio litakapokishtukia kipande kilichozidi kabla kidole hakijahesabu, hatua hii imekamilika.

Faida yake ilionekana wazi katika utafiti wa Milman Parry na msaidizi wake Albert Lord, ambao katika miaka ya 1930 walirekodi waimbaji wa tenzi za mashujaa nchini Yugoslavia. Mmoja wao, Avdo Međedović, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, aliimba utenzi wa zaidi ya mistari 12,000. Lord alieleza kwamba waimbaji hao hawakuwa wamekariri neno kwa neno. Walikuwa na hazina ya vipande vinavyoenea kwenye mizani, walivyovipata kwa kusikiliza wakubwa wao kwa miaka mingi, na walivipanga upya papo hapo. Waliowahi kushuhudia malumbano ya mashairi ya papo kwa papo watalitambua jambo hili mara moja. Tahadhari ni kwamba vipande vya aina hiyo vikizidi huwa uchakavu: "kalamu naishikia" na "naingia ukumbini" vimekwisha kutumika kiasi kwamba msomaji huviruka.

Hatua ya tatu: liite tukio moja kwa undani wake

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Mtunzi mchanga hupenda kuanza na mada: umaskini, mapenzi, elimu. Mada hukaa kwenye kumbukumbu ya maana, na kumbukumbu hiyo hutoa maelezo ya jumla ambayo kila mtu anayo. Tukio hukaa kwingine, na lina vitu ambavyo ni wewe tu uliyeviona.

Mwaka 2015 Kevin Madore, Donna Rose Addis na Daniel Schacter waliwafanyia watu mahojiano mafupi ya kuwasaidia kukumbuka kwa undani video waliyokuwa wameitazama, wakiwauliza kuhusu mazingira, watu na vitendo vyao. Baada ya mahojiano hayo, watu haohao walipotakiwa kufikiria matumizi yasiyo ya kawaida ya vitu vya kawaida, walitoa mawazo mengi zaidi kuliko walipokuwa wamehojiwa kwa juujuu tu. Kilichoamshwa hakikuwa habari za ile video, bali ile hali ya akili ya kutazama undani, nayo ikaendelea kufanya kazi katika zoezi jingine lisilohusiana nayo.

Fanya hivi. Chagua tukio moja lenye mahali na wakati, hata likiwa dogo. Fumba macho dakika chache na ujiulize: mwanga ulitoka wapi, mikono ya watu ilikuwa ikifanya nini, ni sauti gani iliyokuwa karibu na ipi iliyokuwa mbali, kulikuwa na harufu gani, sakafu ilikuwa ya nini. Usijiulize tukio lilimaanisha nini. Kisha andika vitu, si hisia, kwa maneno ya kawaida bila mizani wala vina.

Tuseme tukio ni usiku wa mvua katika nyumba inayovuja. Orodha ikatoa bati, karai lililowekwa kuyakinga maji, watoto waliokaa macho, na tone lililoendelea kudondoka. Maneno "maji" na "karai" yakatoa vina, -ji kati na -ai mwisho. Sasa, kabla ya kufungua kamusi, andika kila neno linaloishia hivyo unaloweza kulikumbuka: mji, mpaji, msemaji, hitaji, chai, hai, hakatai, halikai. Wengi hukiona kina kama pingu, na mimi naona wamekosea, kwa sababu kina huilazimisha kumbukumbu kutafuta mahali ambapo isingekwenda kwa hiari yake. Neno "chai" halikuwa kwenye orodha ya kwanza. Liliitwa na kina, na lilipofika likaja na birika na watoto wanaoingoja. Ubeti ukawa hivi:

Bati lapigwa na maji, mama kaweka karai,
Sisi watoto wa mji, twaingoja yetu chai,
Tone kama msemaji, lanong'ona, halikai,
Hadi leo hilo tone, sikioni lanilia.

Si ubeti wa kushinda tuzo, na kituo chake, yaani mshororo wa mwisho, kimeviacha vina vya juu kwa makusudi. Lakini umaskini umeelezwa bila kutajwa, na hilo lisingetokea kama mtunzi angeanza na neno "umaskini".

Hatua ya nne: yavuke majibu ya kwanza

Ubongo ukiulizwa neno, hutoa kwanza lile lililo karibu. Sema "bahari", na yatakuja mawimbi, chumvi, samaki, ufuo. Sarnoff Mednick alipendekeza mwaka 1962 kwamba mtu mbunifu ni yule anayefika kwenye mahusiano ya mbali, na kabla ya hapo, mwaka 1957, Paul Christensen, Joy Paul Guilford na Robert Wilson walikuwa wameonyesha kuwa watu wanapoendelea kutoa majibu, ya baadaye huwa si ya kawaida kama yale ya mwanzo. Kwa mtunzi maana yake ni nyepesi: andika mahusiano 20 ya neno lako, kisha ukate 10 ya kwanza. Katika yaliyobaki huenda ukamkuta fundi anayetia kalafati kwenye dau, au deni la injini ya boti, au barua iliyokuwa ikisubiriwa kutoka Muskati. Ukifika neno la kumi na mbili na kuhisi kwamba kichwa kimekauka, usiache. Hapo ndipo ya karibu yalipokwisha.

Hatua ya tano: tenganisha kutunga na kukagua

Mwaka 2008 Charles Limb na Allen Braun waliwaweka wapiga piano sita wa jazi ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Walipokuwa wakibuni muziki papo hapo, sehemu za pembeni za gamba la mbele la ubongo, ambazo huhusika na kujichunga na kujisahihisha, zilipunguza shughuli, huku sehemu ya katikati ya gamba hilohilo ikiongeza. Hiyo haina maana kwamba kujisahihisha ni kubaya; ina maana kwamba kuna wakati wake. Andika rasimu kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho bila kufuta, ukiacha nafasi wazi pale neno linapokosekana. Ukaguzi wa mizani, vina, urari wa maana na lahaja ufanywe katika kikao kingine, ikiwezekana siku nyingine na kwa kalamu ya rangi tofauti.

Hatua ya sita: liache shairi, utembee, ulale

Graham Wallas, katika maelezo yake ya mwaka 1926 kuhusu hatua za kufikiri, aliweka kipindi cha kuliatamia wazo kati ya maandalizi na mwangaza. Tangu hapo ushahidi umeongezeka. Ullrich Wagner na wenzake, mwaka 2004, waliwapa watu mafumbo ya hesabu yenye njia ya mkato iliyofichwa. Kati ya waliolala usiku mmoja baada ya kuanza, asilimia 59 waliigundua, ilhali kati ya waliokaa macho kwa muda uleule ni asilimia 23 tu. Katika usingizi ubongo huyapitia tena yaliyojifunzwa na kuyapanga upya, na hipokampasi hushirikiana na gamba la ubongo katika kazi hiyo. Kutembea nako kuna nafasi yake: mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kuwa watu hutoa mawazo mapya mengi zaidi wakitembea kuliko wakiketi.

Sharti ni moja, nalo husahaulika: usingizi hauna cha kupanga kama hukufanya kazi kwanza. Uhangaikie ubeti uliokwama kwa nusu saa kamili, usome kwa sauti mshororo unaokusumbua, ndipo ulale. Weka daftari na kalamu karibu na kitanda, kwa sababu linalokuja alfajiri huondoka upesi.

Hatua ya saba: hakikisha hukuiba bila kujua

Aliyekariri sana ana hatari moja ambayo asiyekariri hana. Kumbukumbu inaweza kumrudishia mstari wa mtu mwingine ikiwa imesahau ilikoutoa, naye akauona kuwa ni wake. Alan Brown na Dana Murphy walilipima jambo hili mwaka 1989, wakaona kuwa watu walioshiriki kutoa mawazo kwa zamu baadaye walidai baadhi ya mawazo ya wenzao kuwa ni yao wenyewe. Mwaka 1976 mahakama ya New York iliamua kwamba mwanamuziki George Harrison alinakili wimbo wa wengine pasipo kukusudia, na akawajibika hivyo hivyo.

Kwa hiyo mshororo uliokuja kwa wepesi usio wa kawaida, umekamilika vina na mizani kwa mara moja, uutilie shaka kabla ya kuushangilia. Tafuta maneno yake kwenye diwani ulizozisoma na kwenye intaneti, kisha umghanie mtu mwenye hazina kubwa kuliko yako: mwalimu wako wa fasihi, au mzee wa barazani aliyekulia kwenye mashairi. Akikuambia amewahi kuusikia, una njia mbili. Ya kwanza ni kuukata na kurudi hatua ya tatu, kwenye tukio lako mwenyewe. Ya pili, ambayo desturi ya malumbano imeiruhusu siku zote, ni kumtaja mwenyewe katika ubeti wa kwanza, kushika vina vyake, na kuligeuza shairi lako liwe jibu kwake.